Rangi Tatu za Mama Saluni

Ukiingia kwa Mama Saluni pale Litein ukasema unataka rangi ya nywele, hakukuuliza rangi gani. Alikuuliza, "Mpaka lini?"

Wengi hawakuwa na jibu. Walikuja na picha iliyokatwa gazetini, au na habari za binamu aliyerudi kutoka Nairobi na kichwa chekundu, na sasa mama mnene mwenye mikono ya mpishi wa harusi alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika unywele mmoja kwa vidole viwili kama anayepima uzi, anawauliza habari ya lini. Wengine walicheka. Wengine walisema, "Milele." Hapo aliuachia ule unywele akaketi kwenye kiti cha wateja wanaongoja, ishara kwamba mazungumzo yatakuwa marefu.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Tulikodi chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, tukakigawa kwa pazia la maua: yeye mbele na kioo, draya na beseni lake, mimi nyuma na cherehani. Tulikaa hivyo miaka saba, katika ile miaka ya tisini. Pazia halizuii sauti, kwa hiyo nilisikia vichwa vyote vya Litein vikijadiliwa. Yeye aliniita Fundi. Alikuwa ametoka upande wa ziwa, akamfuata mumewe aliyepata kazi kwenye kiwanda cha chai, na Kiswahili chake kilikuja na ziwa lake. Alisema "sampuu", mimi nikasema "kitampaa", tukachekana, kisha kila mmoja akaendelea kusema vile vile.

Wateja aliwaeleza mambo ya rangi kwa lugha ya nyumba za kupanga, kwa sababu nusu yao walikuwa wapangaji.

"Iko rangi mgeni," alisema. "Unamwosha mara moja, anaaga. Iko rangi mpangaji. Anakaa mwezi, mwezi na nusu, kila ukiosha anatoa kiti kimoja, mwisho unaona nyumba ni tupu. Halafu iko mwenye nyumba. Huyo haondoki. Ukimchoka, unangoja nywele ikue umkate na mkasi."

Na hata huyo wa tatu hakumsifu. Alisema watu hudhani ya kudumu ina maana umemaliza kazi, kumbe ndiyo umeanza. Nywele inaendelea kuota, nusu inchi kila mwezi, na inaota na rangi yake ya kuzaliwa. "Baada ya wiki sita uko na kichwa cha orofa mbili," alisema, "na watu wote wanaona ngazi."

Alikuwa na sheria zake, na sheria ya kwanza ni kwamba mtu anayelia hapakwi ya kudumu. Nakumbuka msichana mmoja aliyefundisha shule ya msingi karibu na mjini. Aliingia macho yamevimba, akasema anataka nywele zote ziwe nyekundu, tena leo. Mchumba wake alikuwa ameoa mwingine kule Bomet, na yeye alikuwa amepata habari kwa kadi ya mwaliko.

"Nataka anione na asinijue," alisema.

"Atakujua," Mama Saluni akamwambia. "Uso ni ule ule. Kaa, nikupe ya wiki sita."

"Sitaki ya wiki sita! Nina pesa."

"Najua. Rudi ikiisha. Kama bado unaitaka, nitakupaka ile ingine na sichukui kitu."

Msichana alitoka na nywele za rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, amenuna. Baada ya wiki saba alirudi kusukwa mistari. Aliketi akaongea saa nzima juu ya mashindano ya riadha ya shule yake, na hakuna aliyetaja rangi. Alipotoka, Mama Saluni alifungua pazia akanitazama bila kusema neno, nyusi juu. Alipenda sana kuwa sahihi.

Lakini hakuwa sahihi kila siku. Mwaka mmoja akina mama wa kwaya walikuwa wanakwenda Kericho kwa mashindano, wakataka nywele zote ziwe za zambarau, zilingane na sketi. Sketi nilishona mimi, na blauzi nyeupe zenye kola pana. Mama Saluni alishauri ile rangi mgeni: siku moja tu, wakirudi waoshe, Jumapili mchungaji asipate la kusema. Ulikuwa ushauri mzuri. Aliwapaka kumi na wanane tangu asubuhi, akiimba nao, na walipopanda gari walikuwa kama shamba la maua.

Kila mtu wa upande wetu anajua mvua ya Kericho inakuja alasiri. Mama Saluni alijua pia, lakini siku ile alisahau, na wale mama walinyeshewa kutoka kwenye gari hadi mlango wa ukumbi. Waliimba rangi ikiteremka shingoni. Kola zangu kumi na nane zikawa na mito ya zambarau. Walishika nafasi ya pili.

Jumatatu nilikuwa na hasira. "Uliharibu kola zangu," nilimwambia.

"Kola zako? Na jina langu je? Umesikia wanavyoniita sokoni?"

"Wanakuitaje?"

"Mama Mafuriko," akasema, akajaribu kukaza uso, akashindwa. Tulicheka mpaka mwenye duka la mbolea akaja kuuliza kuna nini. Mwaka uliofuata kwaya ilirudi kwangu na ombi moja tu: kola ziwe za zambarau tangu mwanzo.

Saa hakuwa nayo. Alipima muda wa rangi kwa redio. Ya kudumu ilipakwa mwanzo wa taarifa ya habari na kuoshwa matangazo ya vifo yakianza, na ole wako kama betri zimeisha, kwa sababu alihesabu kwa kuimba nyimbo za kanisa, na wimbo alioupenda aliurudia. Mwenyewe hakuwa na subira hata chembe. Aliwahubiria watu kungoja siku mbili, wiki sita, miezi mitatu, kisha akanywa chai ya moto mpaka akaunguza ulimi, kila siku, miaka saba.

Palikuwa na askari wa lango wa kiwanda kimoja, mzee mpole, nywele na ndevu zote nyeupe kama pamba. Alikuja Jumamosi moja, akaketi, akasema kwa sauti ya chini kwamba meneja mpya anawatazama wazee kwa jicho la kuwarudisha nyumbani, na yeye bado ana mtoto mmoja sekondari. Nilingoja ile "Mpaka lini?" Haikuja. Mama Saluni alimpima ngozi, akamwambia arudi Jumatatu, na Jumatatu akampaka ya kudumu, nyeusi, kichwa na ndevu, polepole, na nyusi akazikataa kwa sababu hakukaribisha dawa karibu na macho. Mzee alijitazama kiooni akajipigia saluti.

Alikuja kila Jumamosi ya tatu kwa miaka miwili, mpaka mtoto akamaliza shule. Kisha akaja siku moja mashina yamekuwa meupe, akasema, "Sasa nyoa yote, mama. Nimechoka kuwa kijana."

Nataja habari ya huyo mzee kwa sababu ilikuwa ndiyo silaha yangu siku nilipogombana na Mama Saluni kweli.

Tangu nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa na mvi. Si kichwa kizima: kiraka kimoja juu ya paji la uso, upande wa kushoto, kikubwa kama kifuniko cha soda, cheupe kabisa. Nilikificha kwa kitambaa. Nilipopata mchumba, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha Mogogosiek, nilikificha na kwake pia. Alinitembelea karibu mwaka mzima na hakuwahi kuniona bila kitambaa. Kila wiki nilisema nitamwambia wiki ijayo. Halafu siku ya koito ikapangwa, siku ambayo watu wake wangekuja kwa baba yangu kuposa na kupatana mahari, na mama yake angeniona kwa mara ya kwanza. Ukumbini mwa baba yangu, mbele ya wazee, singeweza kuketi na kitambaa kama mwenye mba.

"Nipake mwenye nyumba," nilimwambia Mama Saluni. "Nyeusi. Na usiniulize mpaka lini."

Hakuniuliza. Alichanganya tone la rangi, akanipaka nyuma ya sikio, akasema tungoje siku mbili. Aliwafanyia wote hivyo. Kesho yake sikio lilikuwa limewaka kama pilipili, na siku ya pili palikuwa na malengelenge. Alilitazama, akafunika kopo.

"Haiwezekani, Fundi. Ngozi yako imekataa."

"Ni kasikio tu. Kichwa ni kigumu."

"Kichwa kina macho chini yake. Nimeona mama mmoja amevimba hakuona njia siku tatu. Haiwezekani."

Nilitoka nikaenda duka la rejareja nikanunua pakiti ya unga wa rangi, ule mweusi wa kukoroga na maji. Nilirudi nayo mkononi nikamwambia nitajipaka mwenyewe. Alikuwa anamfunga mteja taulo. Alikuja, akaichukua ile pakiti mkononi mwangu kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu, akaipasua, akaimwaga kwenye mfereji wa nje, na mfereji ukawa mweusi mpaka mbele ya duka la mbolea.

Hapo nikasema maneno yangu yote. Nilimwambia yeye ni mtu wa ubaguzi. Mzee wa lango alimpaka bila swali, amdanganye meneja miaka miwili. Mimi, jirani yake, siku moja tu ya maisha yangu, ananiachia aibu. Nililia, na mteja aliyefungwa taulo akalia pia kunisindikiza, ingawa hakujua habari inahusu nini.

Mama Saluni aliningoja nimalize. "Yule mzee anamficha mtu anayemtafutia sababu," alisema. "Wewe unamficha nani? Huyu kijana anatembea kutoka Mogogosiek kila Jumamosi. Anatafuta sababu gani?"

Nilikaza kitambaa changu kichwani.

"Sikuachi na aibu," akaendelea, sasa kwa upole. "Nitakuchemshia majani ya chai, yawe mazito kama lami, tuyapoze, nikuoshe nayo. Haichomi mtu. Kiraka hakitakuwa cheusi, kitakuwa kahawia, na mtu wa mbali haoni. Ni ya siku moja. Lakini mwambie kijana kwanza. Usiposema, sichemshi."

Ijumaa mchumba wangu alikuja kuchukua suruali aliyoniletea kupunguza. Mama Saluni alimwona, akasema ghafla amekumbuka hana chumvi, akatoka. Chumvi alikuwa nayo. Niliiona pakiti kwenye rafu. Tulibaki wawili na pazia na vumbi la nguo. Nilifikiri, nikisema kabla ya kufungua, nitaacha katikati. Basi nilivuta kitambaa kwanza.

Alitazama. Kisha akaketi kwenye kiti changu cha cherehani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Hiyo. Tangu Machi. Ulikuwa umeinama unapima mguu wa suruali, kitambaa kikarudi nyuma. Ulikirudisha haraka sana."

"Machi! Na hukusema?"

"Na wewe hukusema. Nikafikiri labda ni kitu mtu anapaswa kungojea." Alinyoosha mkono akagusa kile kiraka kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeangalia kama rangi ya ukuta imekauka. "Mimi niko na vidole vinne mguu wa kulia," akasema. "Mashine. Sasa tumemaliza?"

Mama Saluni aliporudi bila chumvi alitukuta tunacheka na kiatu cha mtu kiko mezani.

Asubuhi ya koito alikuja kwetu na sufuria ya majani ya chai aliyoyachemsha tangu jana, meusi kama mafuta machafu ya gari. Nilimwambia siyataki tena. Nilidhani atafurahi. Alinuna. Alikuwa amechemsha nusu kilo. "Mtu asiyejua anataka nini ni hasara ya kuni," alisema, kisha, kwa kuwa hakuweza kuona kitu kikitupwa, akainama nyuma ya jiko la mama yangu akajioshea kichwa chake mwenyewe, akaingia kwenye sherehe na nywele zinazonuka kiwanda.

Mama mkwe alikitazama kile kiraka kwa muda mrefu. Kisha akawageukia wazee wake.

"Huyu amepata mvi kabla ya watoto," akasema. "Basi wakija hawatakuwa na la kumwongezea."

Wakacheka wote, baba yangu kwanza. Upande wa wanawake nilisikia kicheko kimoja kilichopita vingine, kikubwa, cha mtu wa ziwa, na nilijua ni kwa sababu ya nini: alipenda sana kuwa sahihi.

Mimi na Mama Saluni tulitengana baada ya mtoto wangu wa pili. Mimi nilihamia Mogogosiek na mume wangu, yeye akaenda Kiptere kukaa na binti yake, ambaye alikuwa karani kwenye ofisi ya shamba la chai. Tulitumiana salamu kwa watu, na salamu za watu hufika nusu.

Desemba ya mwaka wa tisini na tisa nilikwenda Kiptere kwa maziko ya shangazi, na baada ya maziko nikauliza njia. Nilimkuta barazani kwa bintiye, kwenye kiti cha kamba, amepungua mwili. Bega la kulia lilikuwa limekataa. Miaka yote ile ya kuinua mikono juu ya vichwa vya watu ilikuwa imelimaliza, na sasa hakuweza kuufikisha mkono hata kwenye sikio lake.

"Hata kujichana, Fundi," alisema. "Binti yangu ananichana kama anapalilia mahindi."

Kabla sijapata la kumjibu, mwanamke mzee aliingia uani. Alikuwa na miaka sabini na kitu, buti za mpira miguuni, kikapu begani, nywele fupi nyeupe zote. Nikamwamkia kwa lugha yetu, "Chamgei, kogo," yaani hujambo, bibi, akaitika akaketi kwenye stuli kama mtu mwenye miadi.

"Nimekuja," akamwambia Mama Saluni. "Ile uliniambia juzi. Nyekunti. Ya kutumu."

Mama Saluni akanieleza kwamba alishampima ngozi, haina neno, na kwamba binti yake ndiye angepaka, lakini ofisini wamemzuia hadi jioni.

"Nije kesho?" mzee akauliza. Aliuliza kwa adabu, lakini mikono ilikuwa imekaza kikapu. "Nimechuma chai miaka arobaini. Hakuna aliyetazama hiki kichwa, isipokuwa mvua. Juzi nikasema, kabla sijafa nataka nikitazame mimi mwenyewe."

Mama Saluni alimtazama. Halafu akanitazama mimi.

"Fundi, vaa glavu."

"Mimi? Mimi najua uzi!"

"Basi fikiri ni uzi. Vaa glavu."

Nikavaa. Alinielekeza kutoka kwenye kile kiti cha kamba, mkono wake wa kushoto ukichora hewani. Gawa kichwa mara nne. Mafuta pembeni ya uso. Anza nyuma, shina kwanza. Usisugue, hufui jeans. Nilimpaka mzee tone kwenye pua, akapiga chafya, akacheka, nikacheka, Mama Saluni akatugombeza sisi wote wawili. Tulingoja. Nilimwosha kwa maji ya moto ya birika, nikamkausha, nikamletea kioo cha bintiye kutoka chumbani.

Mzee alikishika kwa mikono yote miwili. Aligeuza uso kushoto, akageuza kulia, akakirudisha kioo mbali, akakileta karibu. Nywele zake zilikuwa za rangi ya udongo wa kule kwetu baada ya kunyeshewa. Midomo yake ilicheza kidogo. Kisha akashukuru, "Kongoi," akainuka, akasahau kikapu, akakirudia, akatoka.

Tulimtazama akiteremka barabara ya kuelekea sokoni, kati ya michai. Alikuwa anatembea katikati ya barabara. Mtu wa baiskeli alimpisha, akageuka kumtazama, karibu aingie mtaroni.

Mama Saluni alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, macho yamekaza.

"Umeruka sehemu," akasema. "Pale kisogoni. Kiraka cheupe, kama kidole."

Nilitazama. Ni kweli. "Nimkimbilie?"

"Mwache," akasema. "Angalia anavyotembea."